Basari ya Mchezaji Isiishie Gotini

Katika nafasi 4,000 ambazo serikali ya Uganda hufadhili kila mwaka kwenye vyuo vikuu vya umma, wanamichezo hutengewa 40. Ni asilimia moja tu. Vyuo vya binafsi navyo hutoa basari zao, na fedha zikipungua basari hizo za michezo ndizo hunyooshewa kidole kwanza.

Malalamiko hayo yana msingi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Makerere kiliamua kupandisha karo kwa asilimia 15 kila mwaka kwa wanaoingia; Oktoba 2019 wanafunzi wakaandamana, askari wakavamia mabweni. Mama anayeuza nyanya soko la Kalerwe, Kampala, ili amlipie mwanawe ana haki ya kuuliza nani anasoma bure, na kwa nini.

Ila hesabu ya gharama za basari hufanywa vibaya. Mwanafunzi mmoja zaidi katika darasa ambalo mhadhiri wake analipwa vilevile haongezei chuo gharama kubwa. Gharama iko kwenye chakula, chumba, nauli na matibabu, na hapo ndipo vyuo hukwepa. Husamehe karo, mengine mchezaji ajitafutie. Utamkuta Kalerwe jioni, soksi zimejaa vumbi la uwanja, anahesabu sarafu za chapati na maharage. Alfajiri ana mazoezi, saa mbili ana kipindi, na ada ya mitihani haimo katika barua yake ya ufadhili. Huyo hasomi bure hata kidogo.

Chuo nacho hufaidi. Chuo Kikuu cha Ndejje kimejijengea jina nchi nzima kupitia michezo. Chuo Kikuu cha Bugema nacho ndicho alikosoma Joshua Cheptegei, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 Tokyo na 10,000 Paris. Lakini jina halilipi mishahara: hata Marekani, pamoja na fedha zote za televisheni, vyuo vingi hutumia kwenye michezo kuliko vinavyoingiza.

Kwa hiyo sitetei basari nyingi. Chuo kisichoweza kuwalisha wachezaji 30 kichukue 10, kiwalipie kila kitu. Makocha watanuna, kwani timu itapungua. Heri timu ndogo kuliko vijana wanaoondoka mwaka wa pili bila shahada. Na barua iandikwe wazi: mchezaji akivunjika goti akiwa amevaa jezi ya chuo, chuo kimtibu, na karo yake iendelee kulipwa hadi mahafali.