Asiyetafuta Kazi Asipewe Msaada?

Nataka kusema neno juu ya mdahalo tuliofanya bwaloni muhula huu. Mada ilikuwa hii: "Asiyetafuta kazi asipewe msaada." Mimi nilikuwa upande wa kukubali, na upande wetu ulishinda kwa kura nyingi. Nilisema maneno makali usiku ule, nikapigiwa makofi. Leo nakiri mbele ya wasomaji kwamba nusu ya maneno yale ni kweli, na nusu niliyasema bila kufikiri.

Hoja yetu ilikuwa rahisi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtu aliyepoteza kazi akipewa fedha kila mwezi pasipo kuulizwa neno, aweza kukaa kibarazani mpaka miezi iishe. Katiba yetu, katika Ibara ya 22, yasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Lakini Ibara ya 25 yasema pia kwamba kila mtu ana wajibu wa kufanya kazi. Tukatoa na mfano wa Uingereza. Huko asiye na kazi anayepokea msaada wa serikali hutia sahihi ahadi, na wengine hutakiwa kutumia hata saa 35 kwa juma kutafuta kazi, tena waonyeshe walikoomba. Asiyetimiza bila sababu ya haki hupunguziwa fedha. Tukasema, "Tazameni, wenzetu hawachezi!"

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kibondo, nikamkuta baba yangu mdogo. Yeye ndiye aliyeninunulia tranka na godoro nilipoingia Kidato cha Kwanza. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika kiwanda kimoja mjini Mwanza, kisha akapunguzwa pamoja na wenzake. Nilimsimulia habari za mdahalo wetu kwa majivuno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, wewe ungenituma nikatafute kazi wapi?" Sikuwa na jibu.

Wasomaji wengine labda hawajui kwamba hata hapa kwetu kuna malipo ya mtu aliyekosa kazi. Tangu mwaka 2018 sheria za hifadhi ya jamii zimeweka fao la kukosa ajira. Mfanyakazi aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, akaachishwa kazi pasipo kuacha mwenyewe, naye hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi 6. Aliyekuwa akipata shilingi 300,000 atapata kama shilingi 100,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini zaweza kununua unga na chumvi wakati mtu anapojipanga upya. Katika mfuko wa NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara. Sehemu ya mfanyakazi hukatwa, mwajiri huongeza yake, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kupeleka zote.

Masharti haya si mabaya. Tena baba mdogo aliyatimiza. Hakuacha kazi mwenyewe, hakupata nyingine, na alikatwa mchango miezi 24. Lakini alipokwenda kuuliza, aliambiwa michango iliyofika ni ya miezi 14 tu. Mwajiri wake alikuwa amekata fedha bila kuzipeleka. Akatakiwa alete barua na hati za mshahara kutoka kiwandani. Alipanda basi kwenda Mwanza mara mbili. Mara ya kwanza mwenye kutia sahihi alikuwa safarini. Mara ya pili akapewa tarehe nyingine. Nauli ya safari ya pili aliipata kwa kuuza mbuzi. Safari ya tatu hakwenda, maana hakuwa na mbuzi mwingine. Sasa anafyatua matofali, na kulima mahindi na maharage.

Basi nawauliza wenzangu tulioshinda mdahalo: huyu ni mvivu? Aliyevunja sharti ni mwajiri, lakini aliyelala njaa ni mfanyakazi.

Jambo hili la kumtaka mtu aonyeshe kazi si geni. Wazee wetu wa Buha walilijua zamani. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa Kasulu na Kibondo walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, wakaitwa manamba. Na mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyoitwa SILABU. Kibarua alipewa kipande, na kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama. Sisifu siku zile, maana kazi ilikuwa ngumu na ujira mdogo. Lakini hata bwana yule mkali alijua kwamba ukimtaka mtu wa Kibondo afanye kazi Tanga, huna budi kumpatia njia ya kufika.

Baada ya uhuru ilikuja Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983. Mjini asiye na kazi alikamatwa na kupelekwa kijijini akalime. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Amri yaweza kumhamisha mtu, lakini haizai kazi.

Na hao Waingereza tuliowasifu, nao walijikwaa. Tangu mwaka 1921 mtu aliyepoteza kazi alitakiwa athibitishe kwamba anatafuta kazi kweli kweli. Wakati huo migodi na viwanda vingi vilikuwa vimepunguza watu. Watu walitembea kutoka lango hadi lango, wakijua kwamba ndani hakuna nafasi, ili wapate tu kusema kwamba wameuliza. Wengi walinyimwa fedha zao. Sharti lile liliondolewa mwaka 1930.

Mtu ataniuliza: je, wavivu hawapo? Wapo, nasi twawajua. Wengine tumewaacha kijiweni tulipokuja shuleni. Kwa hiyo sisemi masharti yafutwe. Nasema sharti liwe la jambo ambalo mtu aweza kulifanya pale alipo. Mfano mwema tunao karibu. Katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, sehemu ya ruzuku hutolewa kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wadogo wapelekwe kliniki. Tena kuna kazi za muda, siku 60 kwa mwaka, kama kutengeneza njia za kijiji na kupanda miti. Hapo mtu haambiwi tu, "Nenda ukatafute." Aambiwa, "Jembe hili hapa, na njia ile pale." Asiyekwenda hapo, huyo naweza kumwita mvivu bila kusitasita.

Basi kwa nini isiwe hivyo kwa aliyepunguzwa kazini? Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo Kasulu na Kibondo. Aambiwe, "Utalipwa miezi 6, nawe ujifunze useremala au ushoni." Hilo ni sharti lenye faida kwake na kwa nchi.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mwezi wa Novemba tutafanya mtihani. Baadhi yetu wataendelea na masomo, na wengine watatafuta kazi Kigoma, Mwanza au Dar es Salaam. Nawaomba mshike mambo mawili. Kwanza, ukipata kazi usingoje siku ya kufukuzwa ndipo uulize habari za michango yako. Uliza kila miezi michache kama imefika, maana mwenye kuuliza mapema ana mshahara wa kulipia nauli. Pili, tunza kila hati ya mshahara, hata kama karatasi ni ndogo kama kipande cha kufungia karanga. Nanyi wazazi, mtoto akiwaandikia kwamba amepata kazi, msimuulize mshahara peke yake. Muulizeni na michango.

Kama mdahalo ungerudiwa kesho, ningeisoma mada hivi: "Asiyetafuta kazi asipewe msaada, bali anayemtuma kutafuta amwonyeshe mahali, na mwajiri aliyekata michango ashurutishwe kwanza." Najua ni ndefu, na pengine nisingepigiwa makofi. Lakini mtaka cha mvunguni ataambiwaje ainame, na hali kitanda chenyewe hakipo?

Ni mimi, mwanafunzi wa Kidato cha Nne.