Nyangwe: Kabla ya kusimika ua, simikeni mpaka

Kiangazi kikifika Nyangwe, kati ya Juni na Agosti, watu hujenga. Matofali huchomwa, nyasi za kuezekea hukatwa, nguzo huletwa kutoka msituni, na parseli nyingi huzungushiwa ua mpya. Mvua zikirudi, mara nyingi kesi nazo hurudi: ua umemeza hatua mbili za jirani, umeziba njia ya akina mama wanaokwenda mtoni, au umesukuma maji ya mvua hadi kwenye msingi wa nyumba ya mwenzake.

Mwenye ua hujibu kwamba anajilinda, na jibu hilo si la kupuuzwa. Mbuzi wakizurura bila mchungaji, bustani ya mihogo na mboga haimalizi wiki. Wezi wapo. Katika wilaya jirani ya Kabambare, hasa upande wa Salamabila, makundi yenye silaha yamewasumbua raia kwa miaka mingi. Aliyewahi kukimbia nyumba yake usiku hawezi kulaumiwa akitaka kulala ndani ya ua.

Lakini ni lazima kuuliza ua unazuia nini. Unazuia mbuzi, kuku na mpita njia. Mwizi humchelewesha tu. Mtu mwenye bunduki hauwezi kumzuia. Kinachomwokoa mwenye nyumba usiku ni jirani anayesikia kelele na kutoka. Ukuta mrefu uliojengwa kwa ugomvi humpoteza jirani huyo. Tena mwizi akishaingia ndani yake, hakuna anayemwona kutoka nje.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuchagua mabati, mianzi au matofali. Kazi ya kwanza ni mpaka. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema ardhi yote ni mali ya taifa, na kwamba haki ya mtu binafsi juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili. Kuhusu ardhi inayokaliwa na jamii za vijijini, sheria hiyo iliahidi amri ya rais ya kufafanua haki zao. Miongo ikapita bila amri hiyo. Katika vijiji, familia nyingi zinategemea kumbukumbu za wazee, mti wa zamani, kichuguu, au neno la shefu.

Kumbukumbu hiyo ina thamani, ila haiishi milele. Mzee aliyejua mpaka akifa, watoto wa pande mbili hubaki na hadithi mbili. Anayeumia kwanza huwa ni mjane, kwa sababu ua husogezwa wakati yeye yuko msibani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa watu hujenga ukuta ndipo ufa ukaonekana.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa, mwenye parseli awaite majirani wa pande zote, shefu wa kijiji, na vijana wawili watatu ambao watakuwa hai miaka hamsini ijayo. Watembee mpaka wote pamoja, wapime kwa kamba, wazike mawe kwenye pembe. Vipimo viandikwe kwenye karatasi, kila upande ubaki na nakala yenye saini. Mwenye simu apige picha. Karatasi hiyo haichukui nafasi ya cheti cha serikali, lakini siku ya kesi itasema zaidi kuliko kelele.

Baada ya hapo ndipo yaje maswali ya vifaa. Saruji hufika Kasongo baada ya safari ndefu katika barabara mbovu, na bei yake huonyesha safari hiyo. Matofali ya kuchoma hudumu, ila hula kuni nyingi. Nguzo za mti usiotibiwa huliwa na mchwa chini ya udongo wakati juu bado zinaonekana nzima. Anayezitumia achague mti mgumu, na nguzo ya mita 2 aizike angalau nusu mita, la sivyo upepo wa mvua ya kwanza utailaza.

Kwa familia nyingi za Nyangwe, ua bora ni ule unaoota. Mbono hupandwa kwa vipande vya matawi mvua zinapoanza, kwa kukaribiana, na mbuzi hawauli. Mbegu zake ni sumu, hivyo watoto wafundishwe kutozitia mdomoni. Mnyaa nao hushika haraka, na Rwanda umezunguka miji ya watu kwa vizazi. Utomvu wake huunguza macho, kwa hiyo usipandwe pale watoto wanapochezea. Ua wa namna hii ukifa mahali, hupandwa tawi jingine bila kununua kitu. Tena mizizi yake huonyesha mpaka hata baada ya nyumba kuanguka. Wachaga wa Kilimanjaro wamelijua hilo tangu zamani: huotesha masale mpakani, na jani lilelile hupelekwa kwa jirani kuomba msamaha.

Jambo la mwisho ni njia. Nyangwe ulikua kwa sababu ya soko lake kando ya Lualaba, ambako watu wa ng'ambo zote mbili walikutana. Livingstone alilikuta soko hilo mwaka 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo aliona wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake, wakiuawa hapo kwa bunduki. Mji wenye historia hiyo unajua thamani ya mahali pa wote. Njia ya mtoni, ya sokoni, ya msikitini, ya kanisani na ya makaburini haipaswi kuingizwa ndani ya parseli ya mtu, hata akiwa na pesa. Na lango liwe na upana wa kupitisha baiskeli yenye magunia ya mpunga pande zote mbili.

Waislamu na Wakristo wa Kasongo wote wanafundishwa kwamba kusogeza mpaka wa jirani ni dhambi nzito. Mahubiri hayo yangefaa kusikika mwezi Juni, kabla majembe hayajatoka, na shefu naye atenge siku za kutembea mipaka na watu wake. Idara ya ardhi, kwa upande wake, ilete wapimaji vijijini badala ya kumngoja mwanakijiji afunge safari kwenda mjini. Wakifanya hivyo, mvua zitakaporudi zitakuta mbono umeshapandwa na majirani bado wanasalimiana.