"Zima, Uwashe Tena" Si Dawa

Leo sina habari za programu mpya. Leo nimekuja na hasira.

Wiki jana nilikuwa nyumbani Tawa, pale chini ya vilima vya Mbooni, Makueni. Sijamaliza hata chai, jirani yetu akaingia. Ni mwalimu, na sisi wote humwita Mwaitu. Akaniambia, "Kijana, si wewe ulisomea kompyuta? Njoo uone mtambo huu unavyokula pesa zangu."

Kisa chenyewe ni hiki. Amenunua ruta ya 4G na hulipia intaneti kila mwezi. Ikifika jioni, mambo yanakwama. Kijana wake alikatikiwa katikati ya mahojiano ya kazi, na kazi hiyo hakuipata. Mwaitu ameipigia kampuni simu mara saba, na mara zote saba jibu ni lile lile: "Zima, uwashe tena." Mara ya nane wakamwambia ruta imezeeka, anunue nyingine. Akanunua. Jioni ile ile, mambo yakakwama tena.

Nikakaa na laptopu yangu. Kazi yenyewe haihitaji digrii. Ni maswali matatu tu.

La kwanza: je, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta? Fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika ping, kisha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi imebandikwa chini yake (kwa mfano 192.168.1.1). Majibu yakirudi upesi bila kupotea, waifai yako ni nzima. Ya Mwaitu ilijibu kwa milisekunde 2.

La pili: je, ruta inafika nje? Andika ping 1.1.1.1. Saa nne asubuhi majibu yalirudi kwa milisekunde 45.

La tatu: je, majina yanatafsiriwa? Ping jina la tovuti yoyote. Kama namba inajibu lakini jina halipatikani, shida ni DNS, ile huduma inayogeuza majina kuwa namba. Hapo unabadilisha DNS tu, hununui ruta.

Kisha nikaingia kwenye ukurasa wa ruta kutazama nguvu ya mawimbi, inayoandikwa RSRP. Ni namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Ruta ilikuwa nyuma ya televisheni, kwenye kona, chini ya mabati: -116. Nikaisogeza dirishani upande wa mlingoti, ule watu huuita busta: -98. Hiyo ni faida kubwa bila kutoa hata shilingi. Kwa nini hakuna aliyemwambia hivyo katika simu saba?

Lakini ngojeni. Saa tatu usiku nikarudia. Mawimbi yale yale, -98. Ruta inajibu kwa milisekunde 2. Simu zote za nyumba nimezitoa kwenye waifai. Ping ya nje sasa ni milisekunde 600, na kati ya 100 nilizotuma, 18 hazikurudi. Maana yake nini? Nyumba haina kosa. Njia ya kampuni, kuanzia mlingoti kwenda mbele, imelemewa na watu wa jioni. Ruta mpya isingeweza kutibu hilo, hata angenunua kumi.

Sisemi kuzima na kuwasha hakusaidii kamwe. Ruta ni kompyuta ndogo: kumbukumbu yake hujaa, programu yake hukwama, na ikiwaka upya huungana na mlingoti upya. Sawa. Lakini ukizima kabla ya kupima, umefuta ushahidi. Tena jibu hilo linamfanya mteja ndiye mshtakiwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ya Afrika Mashariki nzima ilizorota. Ni watu wangapi siku ile walizima na kuwasha ruta, wakidhani shida iko sebuleni kwao?

Najua nitakachojibiwa: "Mteja wa kijijini hataelewa." Msitutukane! Mteja huyo wa kijijini ametumia M-Pesa tangu 2007. Pesa ikikwama anapata ujumbe wa kumweleza kwa nini, na muamala ukipita anapewa namba yake. Alielewa hilo bila semina. Atashindwaje kuelewa "mlingoti wenu umelemewa saa za jioni, tunaongeza uwezo"?

Na si hisani tunayoomba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na haki ya habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Kumwambia Mwaitu anunue ruta bila kupima chochote hakufanani na yote mawili.

Kwa hiyo, enyi makampuni: kabla ya kumwambia mtu azime, mwulizeni mawimbi yake ni ngapi. Mlingoti ukilemewa, semeni. Na msiuze ruta kama dawa ya ugonjwa ambao hamjaupima.

Nawe msomaji, chukua daftari. Pima asubuhi, pima usiku, andika tarehe, saa na namba, kwa siku saba. Ndipo upige simu. Mwaitu amefanya hivyo, na safari hii alipoambiwa "zima, uwashe," aliwasomea ukurasa mzima. Simu ikanyamaza kidogo, kisha akaunganishwa na fundi kwa mara ya kwanza.

Bado hajarekebishiwa. Lakini sasa wanajua kwamba anajua.