Jenga ukuta ulio mbele ya nyumba yako



Jumatano hii, Novemba 27, 2024, tunachagua viongozi wa serikali za mitaa. Rais, wabunge na madiwani zamu yao ni mwaka 2025. Safari hii tunamtafuta yule ambaye muhuri wake unauhitaji unapotaka barua ya utambulisho, yule anayeamshwa usiku mwizi anapokamatwa, yule anayekaa katikati ya majirani wawili wanaogombania mpaka wa kiwanja. Kwa sababu ni uongozi wa karibu sana, wengi wetu tunauona mdogo, na kura yake tunaipigia hesabu ya mwisho. Leo naomba tuitafakari kura hiyo kwa msaada wa Nehemia, na kwa msaada wa mpira wa miguu pia, maana ninaishi Mbeya, na hapa kwetu mpira ni lugha ambayo hata asiyekwenda uwanjani anaielewa.

Sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia ni moja ya zile ambazo wasomaji wengi wa Biblia huziruka. Ni orodha ya majina. Ukuta wa Yerusalemu umebomoka, malango yameteketea kwa moto, na watu wamegawana vipande vya kujenga. Yumo kuhani mkuu, wamo wafua dhahabu, wamo watengenezaji wa manukato, wamo wafanyabiashara. Yupo hata baba mmoja aliyejenga akisaidiwa na binti zake. Lakini ukisoma taratibu utaona jambo linalojirudia: huyu alijenga mbele ya nyumba yake, yule akajenga mkabala na chumba chake. Nehemia alikuwa kiongozi mwenye akili. Alijua kwamba mtu hujenga imara zaidi mahali ambapo adui akipenya, wa kwanza kudhurika ni watoto wake mwenyewe.

Katika orodha hiyo kuna doa moja. Wakubwa wa Tekoa walikataa kutia shingo zao kazini. Watu wa kawaida wa Tekoa walijenga, tena baadaye wakajenga kipande cha pili. Wakubwa wao walikaa pembeni, na Biblia haikutaja jina la hata mmoja wao. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 bila mikono yao.

Sasa tuingie uwanjani.

Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011, na mwenye timu ni halmashauri ya jiji. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza ikamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, ikiiacha Simba nafasi ya nne. Mliokuwepo mnakumbuka Sokoine ilivyokuwa ikijaa jezi za zambarau. Mama wauza ndizi wa Mwanjelwa walikuwa wanajua kikosi kitakachoanza. Kisha mwaka 2023 timu ikashuka daraja, baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mechi za mchujo. Ikabaki kupambana katika Ligi ya Championship ili irudi.

Angalia jinsi mji ulivyoipokea aibu ile. Kila kijiwe kilikuwa na maelezo yake. Kocha alikosea wapi, usajili ulifanywaje, fedha za wadhamini zilikwenda wapi, kwa nini mchezaji fulani aliachwa aondoke. Watu walidai majibu, wakataka viongozi wa timu wajieleze. Hakuna aliyesema, "Hayo si mambo yangu." Hakuna aliyeambiwa kwamba kuuliza ni kuichukia timu. Kinyume chake, aliyeuliza sana ndiye aliyeonekana mwenye uchungu.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, ndugu msomaji. Halmashauri ile ile iliyo na timu ndiyo iliyo na shule za msingi na sekondari za serikali tunakosoma watoto wetu. Timu na darasa vina mwenye mali mmoja, na mwenye mali huyo sisi ndio tunaomchagua. Timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, kijiwe hakilali. Shule ya mtaa wetu ikifanya vibaya miaka mitatu mfululizo, nani anaitisha kikao? Ni wangapi kati yetu wanaomjua golikipa wa akiba, lakini hawamjui mwenyekiti wa kamati ya shule ambako mtoto wao anakwenda kila asubuhi?

Shule nayo ina takwimu zake kama mpira, na si ngumu kuliko msimamo wa ligi. Kiwango kilichowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi. Kwa vyoo, ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tangu elimu bila ada ianze kutekelezwa mwaka 2016, ruzuku ya shule ya msingi imekuwa ikihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Zidisha kwa idadi ya watoto wa shule yako, utapata kiasi ambacho una haki ya kukiulizia. Wiki hii pita shuleni, hesabu matundu ya vyoo, hesabu watoto wa darasa moja. Huhitaji kuwa mkaguzi. Anayeweza kuhesabu pointi za timu zinazopigania kutoshuka daraja anaweza kuhesabu madawati.

Naye anayekuunganisha na hesabu hizo ni mwenyekiti wa mtaa, yule yule ambaye kura yake tunaiona ndogo. Yeye ndiye anayeitisha mkutano wa wakazi. Mkutano ukiitishwa, mapato na matumizi yanasomwa, na mzazi anapata mahali pa kusimama na kuuliza. Usipoitishwa, maswali yanabaki kijiweni, na maswali ya kijiweni hayajengi choo.

Wapo watakaosema kwamba siasa zetu zimejaa ushabiki tayari, na mimi nazidi kuuchochea. Hapana. Shabiki wa kweli ana mambo mawili: anaipenda timu yake, na anaiambia ukweli. Beki akizembea, wa kwanza kupiga kelele ni shabiki wake mwenyewe. Tunapokwenda kwenye siasa tunabeba lile la kwanza tu. Tunavaa rangi ya chama, tunaimba, na mtu wetu akizembea tunanyamaza, au tunamtukana anayetaja uzembe huo. Huo si ushabiki wa mpira, maana uwanjani usingevumiliwa hata dakika kumi.

Mpira unatufundisha jambo jingine, na hili nalisema kwa heshima kwa pande zote. Kila shabiki anajua pointi za mezani. Zinaingia kwenye msimamo kama pointi nyingine, lakini hakuna anayezishangilia barabarani. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi kama huu, na mitaa mingi viongozi walipita bila kupingwa. Mwaka huu wa 2024 pia tumesikia malalamiko mengi ya wagombea kuenguliwa. Mimi si mwamuzi wa rufaa hizo. Ninachosema ni kwamba kiongozi aliyepatikana kwa ushindani wa haki ana nguvu ya kumwambia jirani yake "toa takataka barabarani" na akasikilizwa. Aliyepata pointi za mezani ana muhuri, lakini heshima atalazimika kuitafuta upya nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo wenye mamlaka ya kusimamia, na wengi wenu mko kanisani asubuhi hii, iacheni mechi ichezwe. Mungu anachukia mizani ya hila sokoni, na sanduku la kura nalo ni mizani.

Na kama mtaani kwako kuna jina moja tu kwenye karatasi, usikae nyumbani. Utaratibu wa mwaka huu wa 2024 ni kwamba mgombea wa pekee naye anapigiwa kura, ya ndiyo au ya hapana. Zote mbili ni majibu halali ya mkazi mwenye akili timamu.

Yethro, mkwe wa Musa, alitoa sifa za viongozi ambazo hazijapitwa na wakati. Ziko katika Kutoka sura ya 18: wawe watu wenye uwezo, wamche Mungu, wapende kweli, wachukie rushwa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba sifa hizo hakuziweka kwa wakuu wa maelfu peke yao. Ni hizo hizo hadi kwa mkuu wa watu kumi. Sisi tuliokulia chini ya mabalozi wa nyumba kumi tunaweza kuielewa picha hiyo haraka kuliko wengi. Mbele za Mungu hakuna uongozi mdogo kiasi cha kuruhusiwa kuwa wa hila. Anayeuza barua ya utambulisho kwa shilingi elfu tano leo, kesho akipewa dhamana kubwa atauza kikubwa.

Basi akija mtu kabla ya Jumatano na kilo ya sukari, kitenge au noti iliyokunjwa, fanya hesabu ya kifamasihara. Elfu tano gawanya kwa miaka mitano: ni shilingi elfu moja kwa mwaka, haifiki shilingi tatu kwa siku. Hiyo ndiyo bei aliyoiweka juu ya shule ya mwanao, taa ya barabarani na usalama wa binti yako anaporudi jioni. Hakuna shabiki anayeweza kukubali golikipa wake auze mechi kwa bei hiyo.

Kuna neno pia kwa watu wema wa mitaa yetu. Katika Waamuzi sura ya 9, Yothamu anasimulia jinsi miti ilivyokwenda kutafuta mfalme. Mzeituni ukakataa, ukasema una mafuta yake. Mtini ukakataa, una utamu wake. Mzabibu nao ukakataa. Mwisho ukakubali mti wa miiba, usiokuwa na tunda wala kivuli, tena kwa vitisho vya moto. Miti hiyo ninaiona kila Jumapili. Mwalimu mstaafu anayeheshimiwa anasema amechoka. Mama mweka hazina wa kwaya, ambaye shilingi haijawahi kumpotea, anasema siasa ni chafu. Fundi anayelipa vijana wake kwa wakati anasema hana nafasi. Majina ya wagombea yamekwisha kupitishwa, hilo halibadiliki sasa. Lakini kamati ya shule itahitaji watu, kamati ya maji itahitaji watu, timu ya vijana ya mtaa itahitaji mlezi asiyekula nauli za watoto. Nafasi hizo zikikuita, usijibu kama mzeituni.

Na viongozi wenzangu wa makanisa, tusiwaambie waumini wamchague nani. Mimbari si jukwaa la kampeni. Lakini tunaweza kuwatangazia saa ya kupiga kura kama tunavyotangaza saa ya mazoezi ya kwaya, na tunaweza kuacha kumpa kiti cha mbele kila mgombea anayekuja na bahasha ya mfuko wa ujenzi. Wakubwa wa Tekoa nao bila shaka walikuwa na viti vya mbele.

Nikuachie kazi tatu, mpendwa msomaji. Kwanza, kabla ya Jumatano mtafute mgombea wa mtaa wako umuulize maswali mawili: mkutano wa wakazi utauitisha lini, na shule yetu inakosa nini? Asiyejua jibu la swali la pili hajawahi kufika shuleni. Pili, Jumatano nenda ukapige kura kwenye mtaa uliojiandikisha, kwa amani, kisha rudi kazini kwako. Aliyempigia mwingine bado ni jirani yako, na moto wake ukizimika jioni ni kwako atakakoomba kaa. Tatu, na hili ndilo gumu, mkutano wa kwanza ukiitishwa, nenda. Uende hata kama siku hiyo kuna mechi. Keti mbele, uliza kwa adabu, na ukijibiwa vizuri, sifu kwa sauti kama unavyosifu bao.

Nabii Yeremia aliwaandikia watu waliokuwa uhamishoni Babeli, mahali ambapo hawakupachagua, akawaambia wautakie mji ule amani na kuuombea, kwa kuwa amani yake ndiyo ingekuwa amani yao. Kama waliambiwa hivyo watu wa ugenini, wewe uliye na nyumba, kaburi la babu na mtoto wa darasa la pili hapa hapa, una udhuru gani?

Ukuta wa taifa ni mrefu, na hakuna anayeweza kuujenga wote. Mungu hakukuomba huo wote. Amekuonyesha kipande kilicho mbele ya mlango wako.

Mungu akubariki, aibariki Mbeya, aubariki na mtaa wako. Jumapili njema.