Akiba ya Imani



Tukifungua redio tunasikia vita, mauaji na watoto waliotekwa. Usiku tunafunga milango kwa makomeo, na bado usingizi hauji. Tunajiuliza: siku ya hatari ikifika, imani yetu itasimama?

Tumkumbuke Corrie ten Boom, fundi saa wa mji wa Haarlem, Uholanzi. Kwa miaka mingi baba yake, mzee Casper, aliwasomea watu wa nyumbani Biblia asubuhi na jioni. Wayahudi walipoanza kusakwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, familia hiyo iliwaficha nyumbani mwao. Walikamatwa Februari 1944. Mzee alifariki kifungoni baada ya siku kumi hivi. Corrie na dada yake Betsie walipelekwa kambi ya mateso ya Ravensbrück, Ujerumani. Humo, katika bweni lililojaa viroboto, waliwasomea wanawake wenzao Biblia waliyoiingiza kwa siri. Walinzi hawakupenda kuingia, kwa sababu ya viroboto hao!

Betsie alifia huko Desemba 1944. Imani haikumwondolea kifo. Ilimwezesha kuwafariji wengine. Tena haikuanzia kambini. Ilianzia nyumbani, mezani kwa baba yao.

Basi, akina mama, tusingoje siku ya msiba. Jioni ya leo tuzime redio kwa dakika kumi. Kila mtoto aseme anachoogopa, tusome mistari michache, kisha tumkabidhi Mungu hofu hiyo kwa sala. Akiba haiozi.