Kitambaa Kikavu Garini

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Tanzania uzazi 81 katika kila 100 ulifanyika katika vituo vya afya. Uliosalia, sehemu kubwa ulifanyika nyumbani. Mkoani Mara, mama wa kijiji cha Butiama, au wa pwani ya ziwa huko Bunda, aweza kushikwa na uchungu usiku akiwa mbali na Hospitali ya Rufaa iliyoko Musoma. Kwa hiyo mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, wastahili sifa: namba 115 hupigwa bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu.

Lakini mtoto hangoji gari. Huko Uingereza wako akina mama wajifunguao nyumbani ndani ya beseni kubwa la maji ya vuguvugu. Wahudumu wa dharura wakiitwa, hukazania kumkausha mtoto mara atokapo majini. Huku kwetu beseni halihitajiki. Maji ya chupa ya uzazi yatosha kumlowesha.

Mwanafunzi na apige hesabu. Gramu 10 za maji zikikauka juu ya ngozi huchukua kilojuli zipatazo 24. Kama joto hilo lote latoka katika mwili wa mtoto wa kilo 3, wala halirudishwi, mwili hupoa kwa nyuzi zaidi ya 2. Mtoto mchanga hajui kutetemeka kama mtu mzima. Huunguza mafuta ya kahawia yaliyo shingoni na mgongoni, kazi ambayo hula oksijeni na sukari asizo nazo kwa wingi.

Hapana budi, basi, kila gari liitwalo liwe na khanga mbili kavu: moja ya kumkaushia kisha itupwe kando, ya pili ya kumfunika, kichwa pia, akiwa kifuani pa mama ngozi kwa ngozi. Kitovu kisikatwe kwa wembe, kingoje mkunga.

Wapo wahofiao kwamba mafunzo haya yatawashawishi akina mama wabaki nyumbani. Hoja hiyo ni dhaifu. Nani atachagua kuzalia njiani kwa kuwa dereva ana khanga? Tena dereva hashiki mtoto, hushika usukani. Amkaushaye ni shangazi au mama mkwe aliyefuatana na mzazi, na huyo ndiye hasa wa kuelezwa kabla gari halijaondoka.