Msipige Makofi kwa Mashine, Ulizeni Nani Ataipima

Wasee wa Eldy, hebu tuambiane ukweli. Kila mashine ya saratani ikizinduliwa nchi hii, sarakasi ni ile ile. Utepe, mkasi, hotuba, mheshimiwa kando ya chuma kinachong'aa. Sisi nasi tunasambaza picha na kuandika "maendeleo hayo". Hakuna anayeuliza kitu kidogo tu: kesho asubuhi, hiyo mashine itapimwa na nani?

Msimamo wangu ni huu: mashine ya mionzi bila wanafizikia wa tiba wa kutosha si maendeleo. Ni hatari iliyopakwa rangi nyeupe.

Utaniuliza, mwanafizikia anatafuta nini hospitalini? Daktari wa saratani ndiye anaamua uvimbe upigwe mionzi kiasi gani. Mwanafizikia anahakikisha kiasi hicho ndicho kinatoka kwa mashine, na kinafika pale palipopangwa. Mionzi haina rangi wala harufu. Ikizidi, mgonjwa hatajua akiwa pale mezani. Atajua baadaye, wakati hakuna wa kuirudisha.

Chukua saratani ya umio, ile njia ya chakula, ambayo imetuumiza sana huku magharibi na Bonde la Ufa. Umio umebanwa kati ya moyo, mapafu na uti wa mgongo. Na mwili hautulii: unapumua, unameza, unapungua uzito. Matibabu nayo yanaweza kwenda wiki tano, siku tano kila wiki. Ndiyo maana kuna tiba ya mionzi inayoongozwa na picha. Mgonjwa akishalala anapigwa picha pale pale, picha inalinganishwa na siti skani iliyotumika kupanga matibabu, meza inasogezwa hata kwa milimita chache, ndipo mionzi iwashwe. Lakini kama jicho la mashine na mkono wake havilengi sehemu moja, picha safi itakuonyesha uongo. Kuhakikisha vinalenga pamoja ni kazi ya mwanafizikia, na hairuhusu "hapo hapo tu, iko sawa".

Kuna wale watasema, "Tununue mashine kwanza, wataalamu watakuja baadaye." Waambieni kuhusu Costa Rica. Mwaka 1996, hospitali moja jijini San José ilibadilisha chanzo cha kobalti kwenye mashine yake. Katika kupima, dakika 0.3 ikachukuliwa kuwa sekunde 30. Piga hesabu mwenyewe: ni sekunde 18. Wagonjwa zaidi ya 100 walipewa mionzi kupita kiasi, na wengine wakafa kwa sababu hiyo. Mashine ilikuwa nzima kabisa! Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kurudia hesabu. Kwa hivyo msituletee mtaalamu mmoja aliyechoka, anayezungushwa kama mpira, halafu mseme kazi imeisha.

Na hii si hadithi ya mbali. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yanaonyesha Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Kwa miaka mingi watu wa huku walisafiri zaidi ya kilomita 300 hadi Nairobi kutafuta mionzi. Mtu ameuza ng'ombe, amelala kwa jamaa Nairobi wiki nzima, halafu dozi iwe ya kubahatisha? Hapana.

Halafu tunashangaa wataalamu ni wachache. Kijana wa hapa akisema anapenda fizikia, anaambiwa, "Utaishia kufundisha tu." Kwanza, kufundisha si adhabu. Pili, mji huu una Chuo Kikuu cha Moi, Chuo Kikuu cha Eldoret, na hospitali kubwa ya rufaa ya MTRH. Fizikia ya tiba inataka digrii, masomo ya juu, kisha mafunzo ya wodini chini ya mtaalamu. Ni safari ndefu na inagharimu. Basi pesa za hiyo safari ziwekwe kwenye bajeti ile ile ya kununua mashine, na akimaliza apate ajira ya kudumu. La sivyo ataenda nchi za nje, na sitamlaumu.

Sisi ni Jiji la Mabingwa. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, mbele yake kulikuwa na gari likichora mistari ya mwanga barabarani kuonyesha kasi. Miguu ilikuwa yake, lakini kuna watu waliokaa chini wakapima. Kama tunaelewa hilo kwa marathoni, kwa saratani ya mama yako tunashindwa kuelewa nini?

Kwa hivyo utepe ukikatwa tena, usiweke emoji ya moto. Uliza: Wanafizikia wa tiba ni wangapi? Nani anakagua hesabu zao? Wanaofundishwa sasa ni kina nani, na nani anawalipia? Mheshimiwa akikosa majibu, makofi yako weka mfukoni.